Chemsha Bongo ya Ijumaa: Namna ya Kujibu Swali Usilolijua

Mpendwa mtahiniwa, sura hii haina mada ya mtihani. Hakuna mtu atakayekuuliza mwezi Novemba ulishinda chemsha bongo mara ngapi. Hata hivyo naomba usiiruke, maana imetokana na karatasi moja ya mtihani iliyonisumbua sana.

Mwaka juzi nilikuwa nasahihisha mtihani wa moko. Nikafika kwenye karatasi ya kijana mmoja ambaye darasani si mvivu hata kidogo. Sehemu A ilikuwa na maswali kumi ya kuchagua jibu sahihi. Kajibu sita, yote sita kapata. Manne kaacha wazi. Maswali ya kuchagua! Herufi A hadi E zimekaa mbele yake, na yeye kaacha nafasi kama zilivyochapwa.

Nilimwita ofisini. "Sikuwa na uhakika, mwalimu," akasema. Nikamuuliza kwa nini hakujaribu. Akainama, kisha akauliza, "Na nikikosea je?"

Sikumjibu haraka, kwa sababu nilijua jambo hilo lilikotoka. Tangu darasa la kwanza, aliyekosea amechapwa au amechekwa. Na mimi mwenyewe nimewahi kusimama mbele ya darasa nikasema, "Kama hujui, kaa kimya." Kijana alikuwa ametii.

Ijumaa iliyofuata, baada ya prepo ya jioni, tulianza chemsha bongo. Maswali kumi kila wiki, ya kila kitu: historia, michezo, sayansi, vitabu, ramani. Alama haziandikwi popote. Zawadi ni pakiti moja ya biskuti kwa dawati litakaloshinda. Kuna sharti moja tu: hairuhusiwi kuacha nafasi wazi.

Kubahatisha na kukisia

Lugha yetu ina maneno mawili hapa, nasi huyachanganya. Kubahatisha ni kufumba macho na kuokota. Kukisia ni kuanzia unachokijua na kusogea hatua moja kuelekea usichokijua. Mama anayetia chumvi bila kijiko anakisia. Fundi anayetazama chumba na kusema kitahitaji ndoo mbili za rangi anakisia. Hawana uhakika, lakini hawajafumba macho.

Katika swali la kuchagua, jibu lisilo sahihi hupata sifuri, na nafasi tupu nayo hupata sifuri. Ukibahatisha kati ya herufi tano, una nafasi moja kati ya tano ya kupata. Ukitumia unachokijua na kuziondoa herufi mbili ambazo haziwezekani kabisa, umebaki na nafasi moja kati ya tatu. Yule kijana aliacha maswali manne. Kwa wastani angeokota alama moja na zaidi kidogo, na alama moja imewahi kumtenganisha mtu na daraja alilolitaka.

Ila faida ya alama ndiyo ndogo. Kubwa ni kwamba swali ulilolihangaikia kabla ya kuambiwa jibu hukaa kichwani, na jibu ulilosomewa tu hupita kama tangazo la redioni. Hili utalijaribu mwenyewe sasa hivi.

Chukua karatasi na kalamu. Kama una simu, iweke mbali. Simu inajua majibu yote haya, na ukiiuliza itabaki kuyajua yenyewe. Jipe dakika kumi na tano. Mbele ya kila jibu andika tarakimu: 3 ukiwa na uhakika kamili, 2 ukiwa na nusu ya uhakika, 1 ukiwa unakisia tu.

1. Ni ziwa lipi la Afrika lenye kina kirefu kuliko yote?
2. Tanzania ilipata uhuru tarehe ngapi?
3. Kwa nini alama ya kikemia ya sodiamu ni Na?
4. Ni mto gani mkubwa wa Afrika unaoikata Ikweta mara mbili?
5. Nani alitafsiri tamthilia ya Mabepari wa Venisi?
6. Hadi Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Tanzania ilikuwa imepata medali ngapi za Olimpiki tangu ianze kushiriki, na za mwaka gani?
7. Ni ogani gani kubwa kuliko zote katika mwili wa binadamu?
8. Tanzania inapakana na nchi ngapi?
9. Je, mwaka 1900 ulikuwa na tarehe 29 Februari?
10. Ni jambo gani la kifizikia lililopewa jina la mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania?

Usisome chini ya hapa mpaka nafasi zote kumi ziwe zimejaa. Nimesema zote.

Mto uliopita mara mbili

Naanza na swali la 4, kwa sababu ndilo lililonionyesha kwamba mchezo huu unafanya kazi.

Tulipouliza swali hili darasani, wengi waliandika Naili, tena kwa namba 3. Naili ni mrefu, ni maarufu, uko Afrika, basi. Yule kijana wa nafasi nne wazi naye aliandika Naili. Kisha akaikata. Pembeni alikuwa amechora mstari mmoja wa kulala, akauandikia Ikweta, na juu yake amepitisha mstari mwingine kutoka chini kwenda juu. Chini ya mchoro aliandika: "Inaanzia kusini, inaishia kaskazini, mara moja tu." Halafu akaandika "Kongo?" pamoja na alama ya kuuliza, na namba 1.

Fuata hatua zake. Ukiuhesabu Naili kuanzia Kagera, ambao uko kusini mwa Ikweta, maji yake yanaingia Ziwa Viktoria, yanatokea Jinja, yanakwenda zao kaskazini hadi Bahari ya Kati na hayarudi tena. Kitu kinachoanzia upande mmoja na kuishia upande wa pili kimevuka mara moja, au tatu, au tano. Hakiwezi kuvuka mara mbili. Ili kivuke mara mbili lazima kianzie na kuishia upande uleule. Kwa hiyo swali limekwisha kukwambia umbo la mto kabla hujaujua jina: ni mto unaokwenda, unapinda, unarudi.

Sasa tafuta kwenye ramani mto wenye upinde. Mto Kongo unaanzia kusini, upande wa Katanga, ambako unaitwa Lualaba. Unapanda kaskazini na kuivuka Ikweta kabla ya kufika Kisangani. Kisha unapinda kwenda magharibi, unashuka kusini-magharibi, unaivuka Ikweta tena karibu na mji wa Mbandaka, unapita Kinshasa na kumwagikia Bahari ya Atlantiki. Mwanzo kusini, mwisho kusini.

Kijana hakuwa anakumbuka jibu. Alilitengeneza. Wiki mbili baadaye niliuliza ni mto gani unaoikata Tropiki ya Kaprikoni mara mbili, na safari hii nusu ya darasa walichora mistari kabla ya kuandika neno lolote. (Ni Limpopo. Chukua atlasi yako uuone unavyopinda kati ya Afrika Kusini na majirani zake wa kaskazini, halafu unavyoshuka kuingia Msumbiji.)

Ziwa refu si lazima liwe pana

Swali la 1 lina mtego wa neno "kubwa", ingawa neno hilo halimo. Msomaji mwenye haraka huona "ziwa" na "kuliko yote", akaandika Viktoria. Ziwa Viktoria ndilo kubwa kwa eneo barani Afrika, lakini kina chake ni kama mita 80 tu mahali penye kina kirefu. Ziwa Tanganyika linashuka hadi mita 1,470 hivi, na duniani kote linapitwa na Ziwa Baikal la Urusi pekee.

Kama hukulijua jibu, ungeweza kulifikia kwa njia ya jiografia uliyokwisha kuisoma. Umbo la ziwa linakwambia lilivyotokea. Ziwa Tanganyika ni jembamba na refu mithili ya ufa, na kweli ni ufa: limekaa ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ilipasuka na kudidimia. Ziwa Nyasa nalo ni hivyohivyo, nalo lina kina kirefu. Ziwa Viktoria limejitandaza kama sahani, kwa sababu limekaa kwenye bonde pana lenye kina kifupi kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Jembamba ndani ya ufa ni la kina; pana kama sahani si la kina.

Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Toa kina chake. Utaona sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Nilipowapigia hesabu hii wanafunzi, mmoja alisema, "Kumbe Kigoma tumekaa juu ya shimo." Hajalisahau tena ziwa hilo.

Swali lenye kosa ndani yake

Swali la 2 nimelitia makusudi, na naomba radhi kama limekuudhi. Uliandika 9 Desemba 1961 kwa namba 3, sivyo? Siku hiyo nchi iliyopata uhuru iliitwa Tanganyika. Jina Tanzania halikuwepo bado.

Mpangilio wake ni huu. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar ilipata uhuru wake tarehe 10 Desemba 1963, chini ya Sultani, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Tarehe 26 Aprili 1964 nchi hizo mbili ziliungana, na jina Tanzania likachukuliwa rasmi baadaye mwaka huohuo, mwezi Oktoba. Kwa hiyo Tanzania haikupata uhuru kutoka kwa mtu. Iliundwa na nchi mbili zilizokuwa tayari huru.

Watunga mitihani huwa waangalifu zaidi kuliko watunga chemsha bongo, lakini hata kwenye mtihani utakutana na sentensi ya "kweli au si kweli" iliyotegeshwa namna hii. Ukikutana na swali lenye kasoro kwenye mashindano, usiligomee. Litenganishe: andika tarehe ya Tanganyika, useme ni ya Tanganyika. Msahihishaji mwenye haki atakupa alama, na asiye na haki naye atakupa kwa sababu ndilo jibu alilolitaka.

Kama tarehe hukutoroka, angalia kalenda ya ukutani. Tarehe 9 Desemba, 12 Januari na 26 Aprili zote ni sikukuu za taifa. Umezipumzikia tangu ukiwa mdogo. Kinachobaki ni kuzifunga na miaka yake.

Magadi ya mama

Swali la 3 ndilo ninalolipenda kuliko yote. Herufi za kwanza za sodiamu ni S na o, lakini jedwali la elementi linasema Na, na mwanafunzi anakariri tu, huku akinung'unika. Na imetoka kwenye jina la Kilatini la elementi hiyo, natrium, ambalo lina asili moja na neno natron, yaani chumvichumvi ya magadi ambayo Wamisri wa kale walikaushia maiti za wafalme wao.

Sasa fikiria: ni wapi umelisikia neno Natron? Kaskazini mwa nchi yetu, mkoani Arusha, liko Ziwa Natron, na maji yake ni ya magadi. Magadi hayohayo huwekwa kwenye maharage ili yaive upesi, na kwenye mlenda ili uteleze vizuri. Ndani yake mna sodiamu kaboneti. Kwa hiyo ziwa, chungu cha mama na jedwali la elementi ni mnyororo mmoja. Tangu siku hiyo sijaona mwanafunzi wangu akiandika So.

Njia hii inasaidia kwenye elementi nyingine zenye alama za ajabu. Potasiamu ni K kwa sababu ya kalium, neno lililotokana na Kiarabu, lenye maana ya majivu. Na majivu ya mimea kweli yana potasiamu nyingi. Neno alikali unalolitumia maabara ni ndugu yake. Risasi ni Pb kwa sababu ya plumbum, na mabomba ya maji ya Warumi yalitengenezwa kwa risasi; ndipo Waingereza walipopata jina la fundi bomba. Ukilijua hilo, Pb inakwenda na bomba, haikupotei tena.

Neno lililomfichua mfasiri

Mabepari wa Venisi ni tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, na aliyeitafsiri ni Julius Nyerere. Ilitoka mwaka 1969, wakati yeye ni Rais. Alikuwa amekwisha kuitafsiri pia Julius Caesar.

Kama hukujua, swali lenyewe lilikuwa limekupa fununu. Tamthilia ile kwa Kiingereza inamtaja mfanyabiashara wa Venice. Mfasiri angeweza kuandika mfanyabiashara, au tajiri. Yeye kaandika mabepari. Ni nani, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha la 1967, angemwita mfanyabiashara bepari? Bado si ushahidi wa kutosha mahakamani, lakini kwa kukisia unatosha kabisa. Maneno ya swali huwa yanazungumza. Wengi wetu hukimbilia alama ya kuuliza kabla hatujayasikiliza.

Mengine kwa haraka

Medali ni mbili, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Wanaokosa hapa huwa wanakumbuka vitu vya kweli lakini wanaviweka mahali pasipo pake. Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, ila hiyo ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, kule Christchurch, New Zealand. Mwaka 1976 Tanzania iligomea Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika. Na John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia mguu, hakupata medali yoyote, ingawa jina lake linajulikana kuliko la washindi wengi.

Ogani kubwa ni ngozi. Aliyeandika ini alikuwa anajibu swali jingine, la ogani kubwa iliyo ndani ya mwili.

Mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu. Mwaka unaogawanyika kwa 4 huwa mrefu, isipokuwa ule wa mwisho wa karne, ambao lazima ugawanyike kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mrefu na 2100 hautakuwa. Sababu ni kwamba dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na robo, kasoro kidogo, na hiyo "kidogo" ikikusanyika kwa karne nyingi huiharibu kalenda.

Swali la 8 nalieleza kwa aibu. Kuna Ijumaa nilisimama ubaoni nikaandika jibu: saba. Nikazitaja kwa kujiamini: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi, Msumbiji. Binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha kidole. "Samahani mwalimu. Sisi kwetu Kigoma, ukisimama ufukweni siku isiyo na ukungu, unaiona milima ya ng'ambo. Ile ni Kongo." Darasa lilicheka, na safari hii aliyechekwa ni mwalimu. Nchi ni nane, ukiacha mipaka ya baharini. Mpaka wetu na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uko ndani ya Ziwa Tanganyika, na mimi nilikuwa nimehesabu barabara, sikuhesabu maji. Sasa nikihesabu naanzia kaskazini-mashariki, nazunguka kinyume cha mwendo wa saa, Kenya hadi Msumbiji, bila kuinua kidole kwenye ramani.

Makosa ya namba 3

Angalia sasa karatasi yako. Majibu uliyoyapata kwa namba 3 yaache, unayajua. Uliyoyapata kwa namba 1 yafurahie, kisha uyarudie, maana huenda ulibahatisha. Yaliyo na thamani kubwa kuliko yote ni yale uliyoyakosa kwa namba 3. Hayo hukuwa ukijua kwamba huyajui. Ungeingia nayo chumba cha mtihani ukitabasamu. Watafiti wa saikolojia wamegundua pia kwamba kosa ulilolifanya ukiwa na uhakika mkubwa, ukishaonyeshwa jibu sahihi, hurekebishika vizuri kuliko kosa la kusitasita, pengine kwa sababu mshangao hutufungua masikio. Mimi na Kongo yangu ni shahidi.

Kwa hiyo tenga daftari dogo, la kurasa 40 linatosha, na uligawe safu nne: swali, jibu langu, jibu sahihi, na kilichonidanganya. Safu ya nne ndiyo inayofanya kazi. Usiandike "sikusoma". Andika "niliona kubwa nikadhani ni kina", "nilihesabu nchi kavu tu", "nilijibu la ndani ya mwili". Baada ya wiki sita utaanza kuona kwamba hudanganywi na mambo mia moja. Unadanganywa na mambo matatu au manne, na yanajirudia, na ni yaleyale yanayokukosesha kwenye mtihani wa Biolojia na wa Historia.

Daftari hilo lifungue kesho yake, halafu Ijumaa inayofuata, halafu mwisho wa mwezi. Funika safu ya tatu, ujiulize upya. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alionyesha kwa kujipima mwenyewe kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo. Ukisubiri mwezi mzima ndipo urudie, utakuwa unasoma upya.

Na ile fizikia ya Mpemba

Limebaki la 10. Jibu ni athari ya Mpemba: maji ya moto, katika hali fulani, kuganda mapema kuliko ya baridi.

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu mwaka 1963. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha, na desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza ndipo yaingie kwenye jokofu. Siku moja nafasi ndani ya jokofu ilikuwa inaelekea kwisha, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipouliza kwa nini, aliambiwa amechanganyikiwa, na darasani jambo hilo likageuzwa utani: ikawa akikosea chochote, wanasema hiyo ni ya Mpemba. Baadaye akiwa shule ya sekondari ya juu Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Dokta Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akanyoosha kidole, akauliza swali lilelile mbele ya watu wote. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la kufundishia fizikia.

Wanasayansi mpaka leo hawajakubaliana ni kwa nini jambo hilo hutokea, na wengine wanatilia shaka kama hutokea kweli kila linaposemwa. Nawaambia wanafunzi wangu hivyo bila kuficha. Jina, hata hivyo, limebaki lake.

Basi tafuta wenzako wanne, mkubaliane Ijumaa na saa. Kila mmoja alete maswali mawili ambayo majibu yake ameyathibitisha kwenye kitabu, na mwenye kucheka aliyekosea asome swali linalofuata akiwa amesimama. Kwa wiki ya kwanza nawapa matatu ya kuanzia: Kwa nini alama ya chuma ni Fe? Kati ya Uganda na Rwanda, ni ipi inayopitiwa na Ikweta? Na ni mwaka gani wa mwisho wa karne, baada ya 2000, utakaokuwa mwaka mrefu? Andikeni majibu ya wote kwanza, pamoja na namba zake. Ndipo mfungue vitabu.